Sura ya Tisa: Sitini na Sita

Siku ile niliamka nikiwa na jibu langu tayari. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilikwenda kule kutafuta ugomvi.

Jumatatu ya wiki ileile Brais alikuwa amenizungushia tepu ya kupimia kiunoni, kama kila Jumatatu saa tatu asubuhi kwa miaka sita, na badala ya kusoma namba akaninong'oneza, "Antía, tuoane."

"Hii mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Ya kwanza ulikwenda kumuuliza mama yako. Ya pili ukaenda tena. Safari hii umeshatoka kwake, au ndiyo unaelekea?"

Akacheka, lakini masikio yalimwiva. "Safari hii simuulizi, namwambia. Nijibu Jumamosi, maonyesho yakiisha. Nitakungoja mlango wa nyuma."

"Soma namba, Bi Balbina anakuja."

"Sitini na sita," akasoma, na wote wawili tukatia sahihi karatasi ya vipimo.

Kazi yangu ni mwili wangu, na tafadhali msinikunjie uso. Mama yake Brais alishaukunja wa kutosha. Kila sketi na kila suruali inayouzwa katika maduka mia mbili ya kampuni ya Orballo huanza kuvalishwa mimi. Kifua themanini na nane, kiuno sitini na sita, nyonga tisini na nne. Brais, fundi mkuu wa kukata, hunipima, huandika kwenye karatasi, halafu hukata nguo huku nimesimama mbele yake nikiwa nimefungwa pini kila upande. Nikiongezeka, nchi nzima inaongezeka. Maruxa, aliyekuwa na kazi hii kabla yangu, alizidi sentimita tatu, akapewa boksi la chokoleti na mkono wa kwaheri.

Sasa niseme na lile jingine. Mwezi wa kwanza nilishika mimba ya Brais. Sikumwambia. Nilimwogopa mama yake, niliogopa boksi la chokoleti, nikajiambia nitasema Pasaka, mezani, mbele ya watu wote, mimba ikiwa imeshatulia. Alhamisi Kuu nikaipoteza, nyumbani kwa dada yangu, mjini Lugo. Nikarudi kazini nikisema nilikuwa na mafua. Baada ya hapo sikuweza hata kumtazama Brais. Nikaacha kwenda kwake, naye hakuniuliza sababu. Kwa miezi mitano tulikuwa watu wa Jumatatu tu, tepu na sahihi. Mpaka aliponinong'oneza lile neno.

Kwa hiyo Jumamosi ile ya Septemba nilikuwa nimeamua. Nitamwambia kuhusu mtoto, kisha nitamwambia ndiyo.

Maonyesho ya nguo za vuli na baridi yalikuwa saa kumi na moja jioni, katika ghala la zamani la chumvi karibu na gati. Mji wetu wa Coruña ulikuwa unanyesha manyunyu yake yaleyale yasiyokwisha. Nilipoingia, Uxía wa kupiga pasi, shoga yangu, alinitazama mara moja tu.

"Ehee! Wanja leo? Na hereni za bibi yako? Anaolewa nani?"

"Piga pasi wewe."

"Napiga, lakini macho yangu sijayafunga."

Saa nne asubuhi nguo zikaanza kujaribiwa. Hapo lazima mjue majivuno ya Bi Balbina Rial, mwenye kampuni. Kampuni nyingine huwavalisha wasichana nguo za ajabu jukwaani, halafu dukani unakuta kitu kingine. Bi Balbina hataki. Nguo anayovaa msichana jukwaani imetolewa kwenye boksi la dukani, saizi ileile, bila pini hata moja, na Jumatatu asubuhi mteja anainunua hivyohivyo. Wasichana wa jukwaani huchaguliwa kwa vipimo vyangu.

Wa kwanza alitoka na koti refu la kijivu. Likamkaa. Wa pili akatoka na sketi ya sufu ya rangi ya divai. Alitembea hatua nne. Hatua ya tano sketi ikateremka mpaka kwenye nyonga, naye akaidaka kwa mikono miwili kama mtu aliyekatikiwa na mpira wa chupi sokoni. Watu wa taa wakacheka. Akaja wa tatu, suruali, nayo ikashuka. Wa tano. Wa nane. Hakuna aliyecheka tena.

Nguo kumi na moja. Bi Balbina alizigeuza moja moja, akasoma kijilebo cha ndani kinachoonyesha siku niliyovalishwa. Zote ziliandikwa wiki ya mwisho ya Machi.

"Leteni karatasi za Machi," akasema. Zikaletwa. Alivaa miwani, akasoma, akaivua. "Karatasi inasema sitini na sita. Sketi inasema sitini na tisa. Mmoja ni mwongo, na sketi haijawahi kunidanganya. Antía."

"Bee."

"Machi ulinenepa?"

Mikono yangu ilikuwa imeshakwenda tumboni yenyewe, mbele ya watu, na nilikuwa nafikiri jambo moja tu. Sitini na tisa.

"Ni mimi," Brais akasema. Alijitokeza kutoka nyuma ya nguo zilizotundikwa, uso mweupe kama bitana. "Tepu yangu ilikuwa imevutika. Nilikata kwa tepu mbovu. Antía hahusiki."

"Tepu."

"Ndiyo, Bi Balbina."

"Brais, vipande elfu arobaini viko kwenye maboksi. Unanijibu tepu?"

"Ndiyo."

Bi Balbina si mtu wa kupiga kelele. Alimtazama kijana aliyemfundisha kazi yeye mwenyewe tangu ana miaka kumi na tisa. "Hizi kumi na moja zipunguzwe kabla ya saa kumi. Ukishamaliza leo, Jumatatu usije."

Nyuma kulikuwa na meza ya mafundi wastaafu walioitwa kumalizia mapindo. Mmoja wao alikuwa mama Dorinda, mama yake Brais. Aliishonea kampuni akiwa jikoni kwake, mji wa Carballo, kwa miaka arobaini. Nilimwona akiitazama tepu iliyoning'inia shingoni mwa mwanawe. Ncha zake ni za shaba, na ina uzi mwekundu penye sentimita hamsini. Ni yeye aliyemnunulia. Alijua kama mimi nilivyojua kwamba tepu ile haijavutika hata chembe. Akashika sketi ya divai, akapapasa kiuno chake, akapapasa tena, kisha akaniangalia. Nikageuka nikaondoka.

Brais alinikuta katika chumba cha makoti. Makoti mia yalikuwa yametundikwa, harufu ya sufu mpya mpaka kooni. Alifunga mlango.

"Usilie. Kazi nitapata. Ureno kuna viwanda."

"Tepu haikuvutika."

"Haikuvutika."

"Ulisoma ngapi?"

Aligeuka akaanza kunyoosha mkono wa koti.

"Brais, nakuuliza. Machi ulisoma ngapi?"

Hakufikiria hata kidogo. Alizijua kwa moyo. "Wiki ya kwanza sitini na saba. Ya pili sitini na saba na nusu. Ya tatu sitini na nane na nusu. Ya mwisho sitini na tisa."

"Alikuwa anakua," nikasema.

"Ndiyo."

"Alikuwa anakua, Brais!"

"Ndiyo, mpenzi. Alikuwa anakua."

Mtanielewa? Machi nzima nilikuwa nalala kwa woga. Kila Jumatatu nilisimama pale nikingoja tepu imwambie kile nilichoshindwa kumwambia mimi, na kila Jumatatu akasoma sitini na sita. Mkono wa Brais haukosei, mji mzima unajua. Nikaamini mtoto hakui. Nyumbani sikuthubutu kujipima. Nilikuwa namwomba Mungu ampe mwanangu japo sentimita moja, ile moja tu. Kumbe alikuwa nazo tatu.

"Ulijua," nikasema.

"Tangu Februari. Nilikuletea filloa za mama, zile chapati nyembamba za kanivali. Wewe huzila kumi bila kupumua. Siku ile ulinusa tu ukakimbilia chooni."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Nilikuuliza kwanza!"

"Kwa sababu ya Maruxa! Ningeandika sitini na saba, Bi Balbina angekuita siku hiyohiyo. Nikasema nitaandika sitini na sita mpaka atakapokuwa tayari mwenyewe. Nilijua sketi zitatoka kubwa. Nilijua, Antía. Kila usiku nilifikiri nitazipunguza kwenye karatasi za kukatia kabla hazijakwenda kiwandani. Halafu ukarudi kutoka Lugo umekonda, hunitazami usoni, na mimi nikawa sijielewi. Karatasi zikaenda zilivyo."

Alikuwa analia. Brais halii vizuri, pua yake hunywea na mdomo hupinda kama wa mtoto aliyenyimwa. Nikamfuta kwa kiganja. Nawaambia ukweli, pale nilikuwa nimeshamsamehe. Nilimsamehe yote ya Machi. Mwanamume aliyetupa kazi yake ya miaka kumi na saba kwa kuandika namba moja ya uongo ili nisifukuzwe, nitamtaka nini zaidi? Nikaweka paji la uso wangu kwenye kifua chake. Nikasikia moyo wake. Lile neno ndiyo lilikuwa ulimini, nimebakiza kufungua mdomo tu.

"Ilikuwa Alhamisi Kuu," nikamwambia. "Kwa dada. Wiki kumi na nne. Niliita jina lako."

Mikono yake ikanikaza. Kisha ikalegea. "Antía, kuna kitu kimenikaa hapa tangu Pasaka. Naomba nikuulize mara moja tu, halafu sitauliza tena maisha yangu yote."

"Uliza."

"Alikuwa wangu?"

Nje mtu alikuwa anajaribu muziki. Ulipigwa kidogo, ukakatwa, ukapigwa tena.

Niliinua kichwa. "Sema tena."

"Usikasirike. Nilitaka tu..."

"Sema tena, Brais, nisikie vizuri."

"Hukuniambia! Nilingoja wiki tisa. Kila Jumatatu nilikuwa nakushika hapa, nasema leo atasema. Mama alisema mwanamke mwenye furaha hawezi kumficha baba wa mtoto wake. Alisema, kama ni wako atakwambia, na asipokwambia ujue. Uliporudi huna kitu tumboni, ukasema mafua, ungefikiri nini wewe?"

"Ningefikiri mwenzangu ana msiba."

"Antía..."

"Ulimwambia mama yako kabla ya kuniuliza mimi. Ukakaa na mama yako mkalipima tumbo langu, mkahesabu, mkanihukumu. Na Jumatatu iliyopita ulipotaka tuoane, hilo swali ulikuwa nalo?"

Akaanza kuizungusha tepu kidoleni.

"Ulikuwa nalo. Ulitaka kunioa na swali lako mfukoni."

"Nilikuwa nimeshakubali," akasema kwa sauti ndogo. "Nilisema hata kama hakuwa wangu, nakupenda hivyohivyo."

Masikini Brais, alidhani hilo litasaidia. Alilisema kwa upole mwingi, kama mtu anayekupa zawadi aliyoiweka akiba. Na mimi niliona kwamba analo pendo, tena kubwa kuliko langu labda, na kwamba ndani ya pendo hilo mimi ni malaya aliyesamehewa. Nitaishi humo vipi? Kila tukigombana kuhusu chumvi nitaliona machoni mwake.

"Alikuwa wako," nikamwambia. "Hapakuwa na mtu mwingine, hajawahi kuwapo. Umeridhika?"

"Nakuamini! Sasa nakuamini."

"Sasa."

Mlango ukafunguliwa. Mama Dorinda aliingia na mto wa pini mkononi na sketi ya divai begani. Ni mwanamke mfupi mwenye mgongo uliopindwa na cherehani, na tangu nimjue hajawahi kuniita kwa jina. Huniita yule msichana wa kusimama uchi.

"Brais, Bi Balbina anakutaka. Suruali tatu zimebaki."

"Mama, subiri."

"Wewe nenda." Lakini Brais hakwenda. Mama Dorinda akanigeukia mimi. "Nimeshazitanua nguo za maharusi mia, naijua sketi ya namna hii. Wiki ngapi?"

"Kumi na nne."

Aliweka mto wa pini kwenye rafu, polepole. "Mimi niliwapoteza wawili, kabla ya huyu. Mmoja wa wiki kumi, mmoja wa miezi mitano. Marehemu mume wangu habari za yule wa kwanza hakuzijua kamwe. Nilifua mashuka kabla hajarudi kazini."

Nilimtazama nisiamini masikio yangu. "Kumbe ulijua mtu anaweza kunyamaza."

"Nilijua."

"Basi kwa nini ulimwambia vile mwanao?"

Alifikiri. Namshukuru kwa hilo, hakukimbilia uongo. "Kwa sababu sikukupenda," akasema. "Nilitaka akuache. Sikujua umefiwa."

"Mama!" Brais alipaza sauti mpaka muziki wa nje ukasikika mdogo. "Mama, ulifanya nini?"

"Nilichokifanya unakijua. Lakini aliyeamini ni wewe."

Hakuna kauli iliyonichoma siku ile kama hiyo, kwa kuwa ilikuwa kweli. Mama Dorinda akanyoosha mkono kutaka kunishika bega, akaona haufiki, akaurudisha. "Antía," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilisikia jina langu kinywani mwake. "Twende ukanisaidie kushika vitambaa, wasichana wanangoja."

Nikaenda. Ningefanya nini? Tulikaa meza moja saa nne nzima, mimi nashika, yeye anashona, Brais anakata. Sentimita tatu kwenye kila kiuno. Mabaki yake yalidondoka miguuni kwetu, vipande vyembamba vya divai, vya kijani, vya kahawia. Uxía alikuja na ufagio, akanitazama usoni, akarudi na ufagio wake bila kufagia.

Saa kumi na moja taa zikazimwa, wageni wakanyamaza. Nilisimama nyuma ya pazia nikawaona wasichana wakitoka mmoja mmoja. Msichana wa sketi ya divai alitembea mpaka mwisho, akageuka, akarudi. Ilimkaa vizuri ajabu. Watu walipiga makofi mpaka Bi Balbina akainama mara mbili. Mimba yangu ingekuwa ya miezi minane siku ile. Ningekuwa kule mbele nimekaa kitini, nimevua viatu.

Walipoondoka wageni, Bi Balbina alituita. Alikuwa na karatasi mpya na kalamu.

"Jumatatu kiwanda kinaanza kukata upya," akasema. "Sitaki uvumi. Brais, ndiyo kazi yako ya mwisho hapa. Mpime huyu mbele yangu."

Nilivua koti, nikabaki na fulana nyembamba. Nikapanda juu ya kile kibao changu cha kupimiwa cha miaka sita. Mama Dorinda alikuwa anakusanya pini zake, akaacha. Brais akaja na tepu yake ya uzi mwekundu, akanizungushia kiunoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Aliikutanisha mbele, akaishika pale, na hakusoma.

"Sitauliza tena," akaninong'oneza. "Kamwe. Naapa. Nijibu, Antía. Nilikwambia Jumamosi."

Nilimtazama. Nilimtazama kwa kushiba, kope zake, kovu dogo la mkasi kwenye kidevu, mvi mbili ambazo Machi hazikuwepo. Nampenda, msinielewe vibaya. Hata sasa ninapowasimulia, nampenda.

"Soma namba, Brais."

Akainamisha kichwa, akaangalia tepu, ikamchukua muda mrefu kuona.

"Sitini na sita."

"Una hakika?" Bi Balbina akauliza.

"Ana hakika," nikasema mimi. "Sasa hakuna kitu."

Nikachukua kalamu, nikatia sahihi. Nikavaa koti langu na kutoka kwa mlango wa mbele, si ule wa nyuma.